Moto Niliomnyima Genoveva

Sindano ya kwanza Lukasi alinichoma kama anayechoma ndama. Alinipigapiga nyonga kwa kiganja, nami nikawa nangoja aniambie "tulia, tulia" kama anavyowaambia ndama wa kwao Maretadu. Hakusema. Mikono yake, iliyoendesha kombaini za shamba la ngano tangu hatujaoana, ilikuwa inaigeuzageuza sindano. Nikamwambia, "Choma, mume wangu, mimi sina pembe." Akacheka kidogo, akachoma, kisha akaenda kukaa nje peke yake.

Hata nyumba ile ya shamba tuliyokuwa tukiishi haikuwa yetu tena. Serikali ilikuwa inayauza mashamba ya ngano ya Hanang, kombaini zimepangwa uwanjani zinaota kutu, na sisi tumeambiwa tuhame. Wenzetu walinunulia kiinua mgongo chao ng'ombe. Cha Lukasi tulikipeleka Nairobi, kwa daktari anayetoa mayai ya mwanamke, akayakutanisha na mbegu za mume kwenye kisahani cha kioo, kisha akairudisha mimba tumboni. Watu tuliwaambia naenda kutibiwa vidonda vya tumbo. Aliyejua ukweli ni Efrazia peke yake, mama mkwe wangu, maana Lukasi hawezi kumficha mama yake hata kikohozi.

"Huyo wa kwenye kisahani," aliuliza, "padri atambatiza?"

"Atambatiza, mama. Atazaliwa kama wengine."

"Haya," akasema, lakini rozari haikutoka mkononi.

Sindano zile za kukuza mayai zilinivimbisha tumbo, zikanipa hasira za bure. Nilimgombeza Lukasi kwa kutafuna kwa sauti. Siku kuku wa jirani alipoangua vifaranga nililia mpaka nikajionea aibu.

Nairobi walinipa dawa ya usingizi, nikaamka mayai yameshatolewa. Siku ya kurudishiwa, daktari alituonyesha kwenye mashine viduara viwili vyeupe, kama mapovu ya maziwa. Vingine vyote vilikuwa vimekufa. Lukasi alivua kofia yake ya kazi, akaishika kifuani kama mtu aliyeingia kanisani.

"Watoto wetu hao," alisema.

"Tusiwaite watoto bado," daktari akajibu kwa upole.

Nilimchukia pale pale. Upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

Tulirudi kwa basi. Kila shimo la barabara ya kupanda Mbulu lilipita tumboni mwangu, nikabana mapaja safari nzima, ingawa nesi alishaniambia vile viduara haviwezi kudondoka. Tulifikia kwa mama mkwe, Maretadu, kwa kuwa nyumba ya shamba tulikuwa tumeikabidhi. Lukasi akakata miti, akawaomba majirani waje Jumamosi kutusimamishia nyumba yetu pembeni ya boma. Kwetu mtu hajengi peke yake. Majirani wakikuacha, miti yako itaozea chini.

Kipimo cha mkojo kikatoa mistari miwili, wa pili hafifu, lakini upo. Mama mkwe alinikataza kubeba ndoo, akanipikia uji wa ulezi, akawa ananiita "mwanangu". Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikaogopa.

Damu ikaja asubuhi, chooni, ya mabonge.

Lukasi alipanda kilimani panapopatikana mtandao, akampigia daktari. Aliporudi hakukaa.

"Anasema ilikuwa mimba ya kemikali tu. Ilishika kidogo, ikaachia."

"Ya nini?"

"Ya kemikali. Ndivyo wanavyoiita."

Kemikali naijua mimi. Ni ile waliyokuwa wakinyunyizia ngano kule Hanang, nasi tukaambiwa tuanue nguo. Kwa hiyo ndicho nilichokuwa nimebeba. Nilijifunika blanketi, nikageukia ukutani.

Jioni mama mkwe aliufunga mlango, akalisema lile ambalo wote watatu tulikuwa tunalikwepa. Kwetu nyumba iliyopoteza mimba inaingia metimani, yaani inafungwa. Haiombi moto kwa jirani wala haimpi. Watu wake hawateki maji na wengine, ng'ombe wake wanachungwa peke yao, na hakuna anayevuka lango lake mpaka wazee waseme inatosha. Uchafu wa kifo, wanasema, unaambukiza matumbo ya wengine. Padri anahubiri kwamba hayo ni mambo ya kale. Waumini wanaitikia amina, halafu wakikuta boma lililofungwa wanazunguka njia ya mbali.

"Nani alijua kuna mimba?" Lukasi alisema. "Hakuna. Daktari mwenyewe anasema ni kemikali. Tuseme ni damu ya mwezi, Jumamosi watu waje, tujenge. Mama, tukifungwa sasa hivi tutaishi wapi? Wewe mwenyewe maji utateka wapi?"

Mama mkwe alinigeukia mimi.

"Kornelia, wewe ndiye uliyebeba. Ilikuwa mtu, au haikuwa?"

Nilivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Haikuwa," Lukasi akanijibia.

Yeye! Aliyevua kofia.

Kulipokucha ilikuwa imenyesha. Nikasikia sauti ya Genoveva langoni. Genoveva ni jirani yetu wa chini ya mteremko, mama wa watoto saba, na mdomo wake hauna komeo. Ndiye aliyewachekesha watu pale mashineni, tukisubiri kusaga, kwa kusema mke wa Lukasi hana haraka ya kuzaa, bado anakula ujana. Alikuwa ameshika kigae cha chungu, na tumbo la wa nane limemtangulia.

"Mke wa Lukasi, hamjambo humo? Nigawieni moto! Wangu umezimwa na mvua, na kiberiti kimelowa chote."

Lukasi alikuwa ameshaokota kijinga cha moto jikoni. Akaniwekea mkononi upande usiowaka.

"Mpe," akanong'ona. "Mpe aende zake."

Nilisimama mlangoni na kile kijinga. Kumpa ni kusema nyumba hii haijafiwa. Jumamosi wangekuja na mashoka yao, wangejenga, wangekula, na mimi ningebaki mke wa Lukasi, yule asiyewahi kushika mimba. Mambo ya metimani siyaamini, nilibatizwa na kufundishwa na masista. Lakini sikuweza kuacha kuyaamini kiasi cha kumpa moto ule mwanamke mwenye tumbo, hata Genoveva. Tena nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia daktari na neno lake, nikamkasirikia mume wangu aliyelishika haraka hivyo.

Genoveva alikuwa ameshainua mguu kuvuka lango.

"Usiingie!"

Akasimama. "Kuna nini?"

"Mimba imetoka. Nyumba hii ina metimani."

Aliweka kiganja tumboni, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kugeuka, mpaka mgongo wake ukagusa ua wa upande wa pili wa njia. Nyuma yangu Lukasi alisema, "Umetumaliza." Mama mkwe alinipita, akakokota tawi la miiba, akalisimamisha langoni kwa mikono yake mwenyewe. Kijinga nikakirudisha jikoni.

Nilidhani Genoveva ameshakimbilia kwenda kutangaza. Alikuwa bado yuko njiani, anatazama kigae chake kitupu. Akapaza sauti, kwa sababu sasa kulikuwa na miiba kati yetu.

"Pole, mzazi mwenzangu!"

Miaka yote tangu niolewe hakuna mwanamke aliyewahi kuniita hivyo. Nilikaa chini pale pale kizingitini, nikalia kwa sauti kama wanavyolia waliofiwa, na hakuna aliyeninyamazisha.

Jumamosi hakuja mtu. Lukasi alikaa juu ya miti yake kwenye manyunyu, kofia kichwani, uso ameuelekezea njia ambayo watu walishaiacha. Tangu siku ile hakuwa amenisemesha. Nikaenda nikakaa kando yake.

"Walikuwa wawili," nilimwambia.

Tulikaa mpaka nguo zikalowa. Ndipo alipoivua kofia, akaishika kifuani, na mvua ikamnyeshea kichwani.