Mkubwa Auzwe, Mdogo Abaki

Mpishi mkuu wa hoteli alimweka sungura kwenye mizani, akautazama mshale, kisha akamtazama Mama Sungura, mfugaji aliyemletea.

"Mama, leo umeniletea watoto?"

"Watoto wapi, kaka? Hao wameshazaa!"

Mama Sungura aliwakodolea macho sungura wake mwenyewe kana kwamba ni wa jirani. Wamekuwa hivi tangu lini? Mpishi hakuwa na maneno mengi: akiletewa tena vijisungura vya namna ile, anahamia kwa mfugaji mwingine. Na hoteli ile ndiyo iliyomlishia nyumba na kumsomeshea wanawe.

Akatoka nje, akampigia mumewe. "Baba Watoto, tumekwisha! Anataka wakubwa, la sivyo anatuacha."

"Tulia mke wangu, niachie mimi." Simu ikakatwa.

Njiani alitembea akiwaza. Miaka yote walikuwa na sheria yao, na walijiona wajanja kweli kweli: mkubwa ana bei, auzwe, mdogo hali sana, abaki azae. Hesabu safi, nani angeipinga? Ghafla akasimama katikati ya barabara, mwenye baiskeli akamkwepa huku akimtukana. Mdogo azae nini, jamani, kama si mdogo mwenzake? Kwa mikono yao wenyewe walikuwa wanapeleka mbegu bora jikoni na kubakiza vibushuti.

Lakini Shangazi yupo! Jike la haja, masikio kama kandambili, ambaye hakuuzwa kwa sababu tu binti yao alimlilia. Tena ana mimba. Wangeanza upya kwa huyo. Mama Sungura akaongeza mwendo, moyo umeanza kutulia.

Kizimba cha Shangazi kilikuwa wazi. Majani ya asubuhi hayajaisha.

Mume akaingia na pikipiki, meno yote nje. "Nimemaliza kazi! Nimempelekea mpishi yule mkubwa. Kafurahi huyo!"

Simu ikaita mkononi mwa Mama Sungura.

"Sasa huyu ndiye sungura!" Mpishi alikuwa anacheka. "Ila pole, nimemkuta na vichanga tumboni. Kuanzia wiki ijayo, mama, niletee kama huyu tu."