Boma la Thadeus

Thadeus alikuwa na boma zuri kuliko yote pale Marungu. Kasoro yake moja tu: halikuwa na ng'ombe.

Mwaka huo wa hamsini na nne alikuwa akikata mkonge kwenye shamba la Mzungu, na kibanda alimolala hata panya walikuwa wamekihama. Lakini kila jioni alichimbia nguzo za mgunga, akazungushia miiba, akaongeza miiba juu ya miiba. Asubuhi, kabla ya kazi, alifagia. Alifagia nini? Mavi ya ndoto.

Waliopita njiani walimchokoza, "Thadeus, ng'ombe wameamkaje?"

Mimi nami, ulimi huu sikupewa wa kupozea uji tu. Nikamwambia, "Kaka, ng'ombe wako wamelia usiku kucha, hatukulala."

Hakucheka hata kidogo. "Pole, dada Wakio. Ni yule Madoa. Anapenda chumvi, na jana nilimsahau."

Hapo ndipo niliponaswa. Ningesema ni sura yake, lakini masikio yale mliyorithi, wajukuu wangu, mnayajua.

Alipoleta posa, baba yangu, Mzee Obadiah, alikwenda kuchungulia boma. Alirudi akicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Wakio, mtu anayefagia hewa atakulisha nini?"

"Hewa safi, baba."

"Basi aniletee ndama jike mmoja, wa kushikika, kabla ya Krismasi. Akishindwa, utaolewa na Donald mwenye duka."

Donald alikuwa na duka, baiskeli na meno matatu. Nililia.

Mvua ilichelewa, simba wakatoka porini. Baba alikuwa na ng'ombe wengi, na boma lake alilijenga kivivu kama watu walioshiba wanavyojenga. Simba wakaliruka, wakamla fahali. Asubuhi akatafuta wa kumfugia waliobaki, lakini kila boma la maana lilikuwa limejaa.

"Liko moja lenye nafasi, baba," nikamwambia. "Ila mwenyewe ni mwendawazimu."

Tulimkuta Thadeus akifagia. Baba akakohoa. "Ng'ombe wameamkaje?" Safari hii hakucheka.

"Wameamka salama, mzee. Nitawaomba wasogee kidogo, wako wapate nafasi."

Desturi yetu inajulikana: anayekufugia hunywa maziwa, na ndama wa kwanza kuzaliwa bomani kwake ni wake. Simba walikuja, wakalizunguka boma lile wakinguruma, wakaenda zao. Mwezi wa kumi na moja ng'ombe mmoja akazaa. Jike! Mweusi tii, hana doa hata moja.

Thadeus akamleta kwa baba amembeba mabegani.

"Lakini huyu si wangu?" baba akauliza.

"Mama yake ndiye wako, mzee. Huyu anaitwa Madoa."

Mama yangu alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Baba alimtazama ndama, akatutazama sisi, kisha akampokea. Ndivyo Mzee Obadiah alivyochukua mahari kutoka kwenye zizi lake mwenyewe.

Hatukutajirika. Wiki moja baada ya harusi nilimkuta mume wangu anachimba mashimo ya boma jingine, kubwa mara mbili ya lile, na sisi hatuna hata mbuzi.

"Hili la nani tena?"

"La wajukuu wa Madoa."

Nikaenda nyumbani kuchukua ufagio.