Kamba ya Mguu wa Kushoto

Mara mbili mfululizo Nazmi alivishwa mkanda wa dhahabu pale mjini Edirne, na kanuni ya miereka ya mafuta, ya watu waliojipaka mafuta mwili mzima, inajulikana: ukishinda mwaka wa tatu, mkanda unabaki kwako, hata wajukuu wataurithi. Kijijini walikwishachagua ukuta wa kuutundika.

Suruali ya ngozi hukazwa kwa kamba chini ya magoti, vidole vya mpinzani visipenye. Mtu hajifungi mwenyewe. Kwa miaka kumi na miwili Nazmi alifungwa na Mwalimu Hayrettin, mzee aliyemtoa kwenye mashamba ya alizeti akamfanya mtu. Siku ya fainali ya mwaka wa tatu pia mzee alipiga magoti kwenye nyasi.

"Mwalimu, kamba ya kushoto mbona kama imelegea?"

"Acha kudeka kama bibi harusi! Unataka damu isitembee? Nenda kamlaze huyo."

Nazmi akaona haya, akaenda.

Walivutana nusu saa nzima, wameloa mafuta, hakuna pa kushika. Ghafla Tuncer, mpinzani wake, akainama akapeleka mkono moja kwa moja kwenye pindo la mguu wa kushoto. Hakupapasa hata kidogo. Vidole vinne vikazama, akanyanyua, na kitovu cha Nazmi kikatazama jua. Hapo ndipo mchezo huisha. Watu wazima walilia hadharani.

Nyuma ya hema Nazmi alizikagua kamba. Ya kulia ilikataa hata meno. Ya kushoto ilifunguka kwa kidole kimoja. Na mikono ile ya mzee haijawahi kukosea, jamani, hata siku moja!

"Ni wewe," alimwambia mzee alipofika. "Tuncer alijua mguu upi."

Hayrettin hakukana. "Mimi nilichukua mkanda miaka miwili, wa tatu ukanipita. Miaka thelathini nimeumeza uchungu huo. Leo wewe, mtoto wa juzi, uupate mbele ya macho yangu, kwa mbinu zangu mwenyewe?"

"Ningeupata kwa jina lako!"

"Lakini mkanda ungetundikwa kwenu."

Nazmi alikunja ngumi. Wakati huohuo wanakijiji wakaizunguka hema kuja kumfariji, na mzee akabadilika palepale, sauti ikawa asali. "Haya, mwanangu. Ndiyo michezo." Akanyoosha mkono.

Mgongo wa Nazmi ukainama wenyewe, kama ulivyoinama kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Akaubusu ule mkono, akaugusisha kwenye paji la uso. Alipozinduka, midomo ilikuwa imekwishafanya kazi yake.

"Mashallah!" watu wakapiga makofi. "Ameanguka lakini adabu anayo!"

Hakupigana tena miereka, maana hakumpata mtu wa kumkabidhi magoti yake. Juma lile alijaribu kueleza kwenye mkahawa wa kijiji, kuanzia kamba mpaka maneno ya nyuma ya hema. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha muuza chai akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Nazmi, ndugu yangu, usijiaibishe. Sote tulikuona ukimbusu mkono."