Beseni Mlangoni

Majira yale ya baridi, mwaka 1993, nilikuwa mkali, na sitaki mtu aniambie nilikuwa mpole. Papa Anaclet, baba yangu, alikuwa amebaki na pafu moja tu. Lile lingine lililiwa na ugonjwa wa zamani, tangu Bukavu. Daktari wetu hapa Schaerbeek, Brussels, aliniita pembeni: wewe ukipata grippe, haya mafua makali ya baridi, utalala siku tano, yeye akiipata, jiandaeni.

Bon, nikajiandaa. Nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba moja ya Ganshoren, kwa hiyo usafi naujua. Niliweka kiti nje ya mlango wetu, juu yake beseni la maji ya moto, sabuni na taulo. Ukutani nikabandika karatasi: "Nawa mikono. Hakuna kusalimiana kwa mkono wala kwa kichwa. Mwenye kikohozi arudi kwake." Nilikuwa nimeshampeleka Papa kuchomwa sindano ya kukinga grippe tangu mwezi wa kumi. Kazini na sisi tulitakiwa tuchomwe. Nikasema nina haraka, na mimi ni mtu wa milimani, damu yangu inatosha.

Sasa, kwetu kumsalimia mzee bila kumgusa ni kama kumwambia ananuka. Sisi huweka kichwa kwa kichwa, upande huu, upande ule, tena upande huu, ndipo habari zinaulizwa. Kila Jumapili baada ya misa watu walijaa sebuleni. Walipoikuta karatasi wakaanza maneno. Maman Yolande wa ghorofa ya chini akasema nimekuwa mzungu kabla sijapata makaratasi ya wazungu. Nikamjibu, kikulacho ki nguoni mwako, maman, nawa. Alinawa, lakini hakurudi tena.

Yeye sikumjali. Aliyenisumbua ni tonton Ngoy, mjomba wa heshima tu, mzee wa Lubumbashi, rafiki wa pekee wa Papa hapa Brussels. Kila Jumapili walicheza dame, yaani drafti, na kuibiana kete bila haya. Jumapili ya kwanza ya Desemba nilimsikia akikohoa kwenye ngazi kabla hajagonga. Nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu.

"Tonton, leo hapana."

"Iko vumbi ya ku bus tu, maman."

"Vumbi haileti homa. Angalia macho yako."

"Nilipanda bus mbili, Mauwa. Niache nimusalimie hapa ku mlango."

"Hapana, tonton."

Aliliangalia beseni. Kisha akatoa mfukoni kile kimfuko cha kete, maana kete zilikaa kwake, akanipa na kushuka ngazi. Nilizitia kwenye sabuni, nikaziosha moja moja.

Papa alikuwa amesikia yote. "Umemufukuza Ngoy?"

"Ana grippe, Papa."

"Hawafukuzake mutu juu ya kukohoa. Ngoy njo mutu alinibakia huku."

Akageukia ukuta. Nami nilikasirika, niseme kweli. Nani alikuwa anamwogesha? Nani anampikia uji? Wote walitaka kumsalimia, mimi nilitaka aishi.

Wiki ile wazee saba pale kazini walilala na homa. Niliwapangusa, nikawabadilishia mashuka, nikanawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Alhamisi koo likaanza kuwasha. Nikanywa tangawizi, nikasema ni uchovu. Na kila jioni, kabla hata ya kuvua koti, nilikwenda kitandani kwa Papa nikaweka kichwa changu kwenye kichwa chake, upande huu, upande ule, tena upande huu. Mimi ni mtoto wake. Karatasi ile sikuiandika kwa ajili yangu.

"Kichwa yako iko moto," Papa aliniambia Ijumaa.

"Ni ngazi, Papa. Nimepanda haraka."

Jumapili akaanza kukohoa. Jumatano tukampeleka hospitali. Mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka kwa homa, na muuguzi akanisimamisha mlangoni kwa upole: madame, leo hapana. Papa alikufa Ijumaa asubuhi, nami niko kwenye benchi la korido.

Watu walikuja kwenye matanga, hata Maman Yolande. Hakuna aliyekuwa ameondoa beseni. Walinawa bila kuambiwa, mmoja baada ya mwingine, wakaingia kuimba. Mimi nilibaki kwenye kizingiti, leso mdomoni.

Tonton Ngoy alifika wa mwisho. Alikuwa amepona. Alivua kofia, akanawa, akajifuta taratibu.

"Tonton," nikamwambia, "si wewe. Si mtu yeyote kati ya hawa. Ni mimi niliyempelekea."

Alinyoosha mikono anishike mabega, akainamisha kichwa kuleta kwangu. Tangu nizaliwe sijatamani kitu kama nilivyotamani kichwa kile. Lakini kikohozi kilikuwa bado kifuani, na yeye alikuwa na miaka sabini na miwili. Nikarudi nyuma.

"Hapana, tonton. Ningali naumwa."

Alisimama vile, mikono bado hewani. Kisha akaingia, akachukua kiti kingine, akakitoa nje na kukiweka upande wa pili wa beseni.

"Basi nikae hapa," alisema. "Utanisalimia siku utapona."

Nikaketi kwenye kizingiti, beseni katikati yetu, nikalia.