Viti Vinne Chini ya Mti Mkavu

Viti vinne. Vya kukunja, viwili vya kijani, viwili vya bluu, na hakuna hata kimoja kilichokaliwa. Arlys Tollefsrud alikuwa amevikodolea macho mpaka macho yakamwasha, na bado vilikuwa palepale.

"Tuvisogeze tu," akasema, kwa mara ya sijui ngapi. "Mi mwenyewe navibeba. Nyie msiguse."

Verdell Haugstad alikuwa juu ya injini ya mvuke, trekta la kizamani, anailisha kuni. Akamtazama Arlys kama vile kaambiwa avue suruali kanisani.

"Si viti vyetu, Arlys."

"Najua si vyetu."

"Kuna watu wameviweka."

"Verdell, watu wenyewe hawapo."

"Ndo maana wameviweka," akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Wangekuwepo wangekaa."

Yaani ungemwona Arlys asubuhi ile ungejua kwamba mtu anaweza kuiva kwa hasira kama mahindi na asipandishe sauti hata kidogo. Kule kwao Minnesota, kwenye ile kaunti ya mahindi na makanisa ya Kilutheri, kiti ukishakiweka nyasini asubuhi ya maonyesho ni chako mpaka jua lizame. Nenda kale, nenda kalale, nenda kazike mtu, utakikuta. Kuna mzee mmoja aliwahi kukimbia na mke wa jirani yake, akasamehewa kabla theluji haijayeyuka. Aliyesogeza kiti cha mwenzie kwenye maonyesho anasemwa mpaka leo, na alishakufa.

Sasa shida ni kwamba viti vile vilipangwa palepale mti utakapoangukia.

Mti wenyewe ulikuwa wa ashi, mrefu, mkavu kabisa. Kuna mdudu wa kijani anayetoboa miti, alishaimaliza ashi ya kaunti nzima, na huu ulikuwa umebaki umesimama pembeni ya uwanja wa maonyesho, bila gome, mweupe kama mfupa. Na ashi iliyokufa usiidharau. Ile si mti tena, ni glasi iliyosimama. Mti wa kawaida ukitaka kuvunjika unapinda kwanza, unalia, unakupa nafasi. Ashi kavu haikupi chochote.

Ulikuwa umeinama kidogo kuelekea kusini, kwenye uwazi, kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Kuuangusha kusini ilikuwa kazi nyepesi. Lakini kusini kuna viti. Basi wazee wawili, Verdell na baba yake Arlys, walikaa na kahawa zao wakapata dawa. Wafunge waya wa chuma juu ya mti, waufunge na kwenye injini, halafu wauvute uanguke kaskazini. Kinyume na ulivyoinama. Yaani wako tayari kuvunja shingo ya mti, labda na zao, ili wasivunje adabu.

Na Arlys ndiye alikuwa mtu wa usalama wa chama chao cha injini za mvuke. Bima ilitaka awepo mmoja, wanachama wakapiga kura wakati Arlys yuko chooni, akarudi akakuta keshachaguliwa. Lakini yeye akaichukulia kazi ile kwa moyo. Akaenda kusomea kuangusha miti, akaganda na baridi porini, akafaulu, akarudi na helmeti na fulana ya rangi ya chungwa. Tangu siku hiyo anawaambia, na kuwaambia ni kumpigia mbuzi gitaa.

Akamfuata baba yake shinani.

Milford Tollefsrud alikuwa na miaka themanini na kitu, kofia ya majani kichwani, goti moja la chuma na la pili linasubiri zamu. Alikuwa anaugonga mti kwa mgongo wa shoka, koh, koh, kama anabisha hodi.

"Baba, juu kule kuna tawi limekatika, limening'inia. Unaliona?"

"Naliona."

"Injini ikiuvuta mti ukashtuka, lile tawi litadondokea wapi?"

Milford akatazama juu. Akatazama buti zake. "Hapa hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama mvua itanyesha.

"Na we utakuwa wapi?"

"Hapa hapa. Kabari hazijigongi zenyewe."

"Baba."

"Nimeangusha miti tangu hujazaliwa, mama."

"Ilikuwa mibichi. Na ulikuwa unaweza kukimbia."

"Bado nakimbia."

"Jana ulimwita Verdell akusaidie kushuka kwenye gari."

"Gari lilikuwa refu," Milford akasema, akarudi kubisha hodi.

Arlys akashusha pumzi. Akahesabu mpaka anakojua, akaanza upya. Haya, kama tatizo ni viti, basi aende kwa mwenye viti. Watu walishaanza kujikusanya, wamesimama nyuma ya kamba aliyoifunga mwenyewe, mbali, urefu wa mti mara mbili. Hapo angalau walimsikiliza. Ni viti tu vilivyobaki ndani ya kamba, kwa maana viliwekwa alfajiri kabla haijafungwa.

Viti vilikuwa vya Bi Ione Brekke, kila mtu anajua. Na Bi Ione alikuwa kwenye hema la kanisa, anakata pai ya tufaha. Foleni ndefu mpaka nje. Arlys akaipita, watu wakamtazama, akajua hilo nalo litasemwa.

"Bi Ione, samahani. Nataka kusogeza viti vyako. Tunaangusha mti."

"Aah," Bi Ione akasema, kisu hewani. "Si niliambiwa mnauangusha upande ule mwingine?"

"Ndo sitaki. Ni hatari kwa baba."

"Miti ile mikavu ni mibaya. Sawa, mi sina neno." Akakata kipande, akakiweka kwenye sahani, akakisogeza kidogo kikae katikati. "Ila vyangu ni viwili tu. Vya kijani."

"Na vya bluu?"

"Vya bluu ni vya Gladys."

"Gladys yuko wapi?"

"Bado hajafika. Kampeleka mjukuu kwenye mpira. Ngoja aje, umuulize mwenyewe, mi siwezi kumsemea Gladys. Utakula pai?"

"Bi Ione, baba yangu yuko chini ya mti."

"Basi na yeye mpelekee kipande."

Arlys alifungua mdomo, na hapo ndo akasikia. Filimbi ya mvuke, mara mbili, fupi fupi. Mtu yeyote aliyekulia na zile injini anajua. Mbili maana yake naanza kwenda mbele.

Alitoka hemani mbio. Helmeti inamgonga mgongoni, fulana inapepea, watu wanamgeukia na vikombe vyao. Akafika akakuta waya umeshaanza kunyanyuka nyasini kama nyoka aliyeamshwa. Verdell kashika usukani, injini inakohoa moshi mweusi, inatambaa. Na baba yake yuko shinani, kabari mkononi.

Hakwenda kwa baba yake. Alishafundishwa, mtu hakimbilii chini ya mti. Akaenda mbele ya injini, mbali lakini aonekane vizuri, akanyoosha mikono yote miwili kama anasimamisha treni.

Injini ikasimama, ikapumua. Waya ukalala.

"Milford kasema nivute," Verdell akaita kutoka juu.

"Mi nasema usivute."

"Sasa nimsikilize nani?"

"Yeyote ambaye hatakufa, Verdell."

Kisha akageuka, akatembea mpaka kwenye viti. Watu kama mia wanamwangalia. Akakikunja cha kijani. Akakikunja na cha pili. Pale kwenye kamba watu wakaacha kutafuna. Alipoinama kwenye cha kwanza cha bluu kuna mama mmoja akasema "haya sasa" chini chini, kama mtu anayeona nyumba inaungua. Arlys akavibeba vyote vinne kwapani, akavipanga nje ya kamba, kwa mpangilio uleule, kijani kijani bluu bluu. Masikio yalikuwa yanamuwaka moto. Hakuna aliyempigia makofi wala aliyemzomea. Kule kwao wanakunyamazia, na kunyamaziwa kunauma zaidi.

Alipogeuka, baba yake alikuwa keshachechemea mpaka pale.

"Arlys," akasema kwa sauti ya chini. "Viti vya watu."

"Sasa havipo, Baba. Njia nyeupe. Uangushe kusini."

Milford akatazama kusini. Akatazama injini. Akavuta pua. "Waya tumeshaufunga."

"Tutaufungua."

"Na moto Verdell kauwasha tangu giza. Tilda kachemka vizuri leo." Tilda ndo injini. "Presha yake imetulia kabisa."

Na hapo Arlys akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia hasira mpya juu ya ile ya zamani. Asubuhi nzima kapigania viti, kumbe hata viti havikuwa shida. Vingekuwa havipo, mzee angetafuta sababu nyingine. Angesema jua, angesema upepo.

"Unataka Tilda avute kitu," akasema.

Milford akainamia mkono wake. Akasugua kifundo cha kidole ambacho hakikuwa na uchafu.

"Baba. Ungefia pale kwa sababu unataka injini ipate kazi?"

"Imekaa ghalani tangu mwaka juzi," akasema. "Watu wanaipiga picha tu. Injini si sanamu."

Arlys alitaka kusema mengi. Alikuwa nayo, yamepangwa, na kila moja lilikuwa kweli. Akayameza.

"Itavuta gogo. Mti ukishalala, Tilda ataukokota mpaka kwenye msumeno mkubwa wa kupasulia mbao, mbele ya watu wote, na Verdell apige filimbi mpaka achoke. Lakini mti tunauangusha mi na wewe, kusini, kwa ninavyosema mimi. Na utavaa helmeti."

"Na msumeno wa injini sitaki. Nimewaambia watu tutakata kizamani."

"Wa mikono. Shika upande wako, nishike wangu."

Milford akafikiri. "Kofia yangu?"

"Vaa unavyotaka. Helmeti iwe ndani."

Basi ndivyo alivyokuja shinani, kofia ya majani imekaa juu ya helmeti kama kiota juu ya nguzo. Arlys hakuwa na nguvu ya kubishana na hilo.

Alifyeka majani nyuma yao, njia mbili za kukimbilia, za mshazari, kila mtu na yake. Akazungusha mnyororo shinani juu ya mahali pa kukata, mti usije ukapasuka ukawarukia. Wakatoa kikato cha mbele upande wa kusini, wazi kama mdomo. Kisha wakapiga magoti nyuma na ule msumeno mrefu, baba huku, binti kule, wakaanza. Msumeno ukaimba. Unga mweupe ukawa unawadondokea magotini.

"Unausukuma," Milford akasema.

"Sisukumi."

"Unasukuma. Nausikia."

"Baba, tazama juu, si mimi."

Walipobakiza bawaba tu, ule ukanda usiokatwa unaoushikilia mti, upana wa vidole viwili, mti ukatoa mlio mmoja, mkavu, kama fundo la kidole linalovunjwa. Arlys akasema "Sasa," si kwa kupayuka, na kwa mara ya kwanza siku ile baba yake akafanya alichoambiwa. Aliacha msumeno palepale, akaondoka kwa mshazari, mguu wa goti la chuma ukifuata. Arlys akaenda upande wake huku anamtazama yeye, si mti.

Ashi ikalala kusini, palepale, ardhi ikaruka. Na lile tawi lilibaki hewani kidogo, kama limesahauliwa. Kisha likaja. Likashuka wima, likachoma ardhi kando ya kisiki na kubaki limesimama, linatetemeka. Mpini wa msumeno upande wa Milford ulikuwa umevunjika vipande viwili.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Milford akarudi, pole pole. Akalitazama lile tawi kwa muda mrefu. Akaliangalia na shimo lililochimbwa.

"Naam," akasema. "Lingenichafulia shati."

Arlys hakucheka. Akaokota kipande cha mpini, akamwekea mkononi. "Nakuomba kitu kimoja, na sitaki utani."

"Sema."

"Hutausogelea tena mti mkavu bila mimi kuwa upande wa pili wa msumeno."

Mzee akafikiri. Akafikiri mno, kwa swali lenye jibu moja.

"Msumeno ule hausukumwi," akasema mwishoni. "Unavuta zamu yako, halafu unalegeza, mwenzio avute yake. Ukisukuma unapinda."

"Baba, ndiyo au hapana."

"Si nakufundisha kwa ajili ya mara nyingine."

Na hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo. Arlys alimjua baba yake, hakuna ndiyo kubwa kuliko hiyo aliyowahi kumpa mtu, hata mkewe. Na bado alitamani kuivua ile kofia ya majani aikanyage. Nyuma yao Tilda alikuwa anakuja kulifuata gogo, watu wameinua simu zao, na mzee ameduwaa katikati ya njia, anaiangalia injini kama bwana harusi. Arlys akamshika mkono wa shati akamvuta kando, naye akavutika.