Rimu za Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni kinyozi, na kwanza niseme sina ubaya naye. Ana adabu mpaka inachosha. Nikikohoa, ananiletea maji. Siku moja nilisema kiti cha kwake ni kizuri, kesho yake vikashushwa vinne mlangoni kwangu. Mimi ni fundi wa makochi. Viti ninavyo.

Mke wangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali yenye daktari wa mifupa iko ng'ambo ya mji, na barabara ya kwenda huko imezibwa viraka mpaka hujui lami ni ipi na kiraka ni kipi. Mkwe akasema, "Baba, hupandi basi mimi nikiwa hai." Basi kila Jumanne, siku anayofunga saluni, akawa ananipitia na gari lake twende kumwona mama.

Wakati ule gari lilikuwa la kawaida, matairi manene, halina makuu. Siku ile ya kwanza, nikiwa nashuka, nikatafuta neno la shukrani, maana mkwe hashukuriwi kavukavu. Ningeweza kusifu redio. Ningeweza kusifu hata kioo. Mdomo ukaangukia magurudumu. "Gari lako lina magurudumu mazuri," nikasema, nikaingia ndani kula.

Jumanne iliyofuata gari likaja na rimu mpya, kubwa, zinang'aa hivi kwamba ukiinama unaona meno yako.

"Nimeona unapenda magurudumu, baba."

"Mashallah," nikasema. Ningesema nini?

Sasa nisikilize, maana watu hawalielewi jambo hili. Nafasi ya gurudumu chini ya gari haikui. Ukiongeza chuma, lazima upunguze mpira. Na ule mpira wa ubavuni ndio godoro la gari. Humo ndimo kishindo kinamofia kabla hakijamfikia mtu. Mkwe wangu alikuwa amelinyoa gari lake godoro, kinyozi ni kinyozi. Mimi makochi ya sponji nyembamba nayajua. Dukani yanapendeza, yamenyooka, yana mistari. Mteja akikaa anakutana na mbao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Unaonaje, baba?" akaniuliza tulipovuka tuta la kwanza.

"Safi," nikasema, nilipopata pumzi.

"Sasa hivi kwenye kona haliyumbi kabisa. Na usukani ukiugusa tu, linaitika."

Kweli tupu, siwezi kulisingizia gari. Kona lilikuwa linaikata vizuri sana. Ila barabara ya hospitali ina kona moja. Matuta yake sikuyahesabu, yalinihesabu yenyewe, mfupa kwa mfupa.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Wewe hujapata mkwe. Mkwe si mwanao umkaripie, wala si rafiki umtanie. Neno kali ukimwambia mkwe mchana, usiku linalala na binti yako. Kwa hiyo nikajikaza kisabuni, na kila nikishuka, uso umenikakamaa, ikabidi niseme kitu. Nikasema, "Hizi ndizo rimu bwana!" Wiki chache baadaye akabadilisha tena, akaweka kubwa zaidi. Mpira uliobaki ulikuwa kama upindo wa shati.

Hapo nikajitetea kwa ufundi wangu. Nilikata kipande cha sponji ngumu, ile ya makochi ya maofisini, nikakishonea ndani ya suruali, sehemu inayohusika. Binti yangu akanitazama nikipanda gari akasema, "Baba, mama yuko hospitali na wewe unanenepa?" Nikafunga mlango wa gari. Mzee mzima, ningemweleza nini mtoto?

Ubaya zaidi ni kwamba sifa zangu zilifika mpaka kitandani kwa mgonjwa. "Mama, baba anazipenda hizi rimu sijapata kuona," mkwe alimwambia mke wangu. Mke wangu akanigeuzia macho. "Huyu?" akasema. "Huyu nimempikia tangu ana nywele, hajawahi kusifu hata chai."

Kisha daktari akasema mama anaruhusiwa kwenda nyumbani Jumanne inayokuja. Tulifurahi, lakini akainua kidole. "Asitikiswe. Chuma tulichoweka hakijashikana vizuri na mfupa. Kikicheza, anarudi kwenye kisu, na kwa umri wake mimi sitaki arudi."

"Ondoa shaka, daktari," mkwe akasema. "Nitamchukua mimi mwenyewe. Gari nitaliandaa kwa ajili yake."

Nikazikumbuka zile rimu. Mke wangu akanishika mkono, akanivuta karibu mkwe asisikie. Huyu ni mwanamke aliyewahi kung'oa jino lake kwa uzi. Midomo ilikuwa inamtetemeka. "Mume wangu," akasema, "mle chumba cha kisu sirudi tena. Unanisikia? Afadhali nife nyumbani." Nikamwambia hutarudi. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nikatoka nje nikiogopa kama mtoto.

Ningekodi teksi? Kijana alishatangazia ukoo mzima kwamba mama anarudi kwenye gari lake. Binti yangu alishashona vitambaa vya viti. Ningekuwa nimempiga kofi mbele za watu. Hapana, ilibidi nimwambie ukweli, uso kwa uso, mkwe kwa mkwe.

Jumatatu nikaenda saluni kwake. Nilikuwa nimeshayapanga maneno njia nzima. Aliponiona akamwinua mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa. "Subiri kaka, baba yangu amekuja." Akanikalisha, akanifunga shuka, akanipaka povu mpaka kwenye midomo, akaniwekea wembe kooni.

"Ulikuwa unasema, baba?"

"Mm," nikasema.

Nilitoka pale nimenyolewa ndevu, nimekandwa shingo, nanukia kama bwana harusi, na sijasema lolote. Yule wa nusu kichwa akanipa shikamoo.

Jumanne asubuhi gari likasimama mlangoni. Nilitazama chini kwanza. Yalaa! Alikuwa ameongeza tena. Chuma kitupu, na mpira umezunguka pembeni kwa aibu tu.

"Kwa heshima ya mama," mkwe akasema, huku akitabasamu.

Nikapanda. Suruali yangu ya sponji nilikuwa nimeivaa, lakini siku ile sikuwa nawaza makalio yangu. Kila kiraka tulichokanyaga nilikiona kinaingia kwenye nyonga ya mke wangu. Tukafika penye tuta lile kubwa karibu na shule. Akalipanda taratibu, taratibu kabisa, na bado meno yangu yakagongana.

"Simama!" nikasema.

Akakanyaga breki. Breki zilishika vizuri sana.

"Mwanangu," nikasema, "gari lako linaniumiza. Linaniumiza tangu ulipoweka rimu za kwanza. Nimeshona sponji kwenye suruali, shika uone. Rimu zako sizipendi, sijawahi kuzipenda, nilizisifu kwa sababu sikujua niseme nini. Mimi unaweza kunivunja, nimeshazeeka. Lakini mke wangu humpandishi humu. Ukinichukia, nichukie."

 Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga honi, naye anatazama mbele tu. Nikajua nimeshaharibu. Nikamwona binti yangu analia jikoni.

Mara akafungua vifungo vya shati. Ndani alikuwa amevaa mkanda mpana wa kubana mgongo, ule wa wabeba mizigo, umefungwa mpaka chini ya mbavu.

"Baba," akasema, "mimi saluni nasimama siku nzima. Nikitoka hospitali na wewe, usiku mwanao ananikanda kwa maji ya moto. Nikasema nitavumilia, mzee wangu ana kitu kimoja kinachomfurahisha."

Tukatazamana. Nilitaka kucheka, nikaona macho yangu yanachuruzika. Sijui ni uchungu gani ule, wa mgongo au wa kitu kingine. Nikamwambia, "Mpumbavu wewe." Akaniambia, "Ndiyo, baba." Hakuna aliyewahi kuniheshimu zaidi ya hapo.

Tukageuza kwa fundi wa matairi. Magurudumu ya zamani alikuwa bado nayo, ameyalaza chini ya kibanda, na wateja wawili wamekaa juu yake wanakunywa soda.

"Haya mnayachukua?" fundi akasema kwa masikitiko. "Jamani, ni laini haya, watu wameshayazoea."

Tukawainua. Yakafungwa yote manne, manene, mabaya, hayang'ai. Tulipopita tena kwenye lile tuta karibu na shule, gari lilipanda likashuka, na mimi nikabaki nasubiri kishindo. Hakikuja. Kwenye ile kona moja likayumba kidogo. Likayumbe.

Tulimlaza mama kiti cha nyuma, mto chini ya goti, kichwa chake mapajani mwangu. Mkwe aliendesha kama amebeba mayai ya watu. Mwanzoni mke wangu alikuwa ameng'ang'ania kidole changu, macho ameyafumba, anasubiri maumivu. Tulipofika kwenye viraka, kidole kikalegea. Nikainama kwa hofu. Alikuwa amelala. Alikoroma barabara yote ile mbovu, na mimi sijawahi kusikia sauti nzuri kama hiyo, nasema mbele ya Mungu.

Alizinduka tumeshafika mlangoni. "Tumefika?" akauliza. "Mbona sijaisikia barabara?"

Mkwe akamfungulia mlango, binti yetu akaja mbio na kiti cha magurudumu. Mke wangu akashushwa polepole, akakaa, akashusha pumzi. Kisha akaligeukia gari kulitazama vizuri, kama mama mkwe mwenye adabu zake anavyotakiwa. Uso ukamwanguka.

"Mwanangu," akamwambia mkwe, "zile rimu nzuri ziko wapi? Zile ambazo baba anazipenda?"

"Nimezitoa, mama. Ili usiumie."

"Jamani! Kwa ajili yangu mimi?" Akaweka mkono kifuani. "Hapana, mwanangu, usijinyime kwa ajili yangu. Mimi sina neno, mimi popote nakaa. Jumanne narudi kliniki, zirudishe tu. Nami nitafurahi kuziona."

Kijana akatabasamu, akainamisha kichwa, akafungua mdomo kusema ndiyo, mama.

"Hapana!" nikapiga kelele mpaka jirani akatoka.