Gari Lisilotaka Kutoka Jikoni

Walburga Zeitler alikuwa akimenya viazi pale gari lilipoingia jikoni lenyewe, likajibanza kando ya jiko la kuni. Tangi lilikuwa kavu na injini imezimwa. Alilisukuma gurudumu kwa mguu apate kuifikia ndoo.

"Limekufuata tena," alisema mumewe, Ottmar, akihema mlangoni. "Na mkaguzi wa serikali ameshafika karakanani kuliona!"

"Linamjua aliyelitengeneza."

"Punguza sauti, Walburga."

Majirani zao pale Mannheim walishazoea. Gari lilimfuata Walburga sokoni na kanisani. Kasisi alichokataza ni honi tu wakati wa sala. Breki za ngozi alizishona yeye. Mtambo wa kuwashia cheche aliubuni yeye, Ottmar akishikilia kwamba haiwezekani. Lakini enzi hizo sheria haikumruhusu mke wa mtu kuandikishiwa uvumbuzi, basi kibao cha shaba cha gari kikabeba jina la Ottmar.

Mkaguzi aliingia, akavua kofia, akauliza kama gari lina kawaida ya kukaa jikoni.

"Likitaka," alijibu Walburga.

Ottmar akapanda, akavuta usukani. Halikutikisika. Wanaume wa mtaani wakaja wakalisukuma mpaka jasho likawatoka. Wapi!

"Bibi, liambie litoke," mkaguzi alisema.

"Nitaliambia. Kwanza sema mbele ya watu hawa, nani kalitengeneza?"

"Sheria inamtambua mumeo."

"Sikuiuliza sheria. Nimekuuliza wewe."

Mkaguzi akakohoa. Alitoa mfukoni medali ya uvumbuzi, akamvisha Ottmar palepale, wamesimama juu ya maganda ya viazi. Watu wakapiga makofi. Ottmar aliinamisha macho, lakini hakuivua.

Walburga alifuta mikono kwenye aproni, akavaa kofia yake ya Jumapili, akapanda.

"Haya, twende zetu."

Gari likapita kwenye mlango uliokuwa mwembamba kuliko lenyewe, bila kuukwaruza, likashika njia ya Heidelberg.

"Bibi Zeitler!" mkaguzi alipaza sauti. "Sasa nani atatuonyesha linavyokwenda?"

"Muulize huyo mwenye medali!"

Kesho yake gazeti liliandika kwamba Bwana Ottmar Zeitler ameendesha gari lake mpaka Heidelberg, akisindikizwa na mkewe. Walburga alilisoma hukohuko Heidelberg, peke yake. Akalikunja, akang'arishia taa za gari, kisha akaendelea na safari kuelekea kusini.